Somo la Toleo Hili: Je, Mpira wa Miguu ni Kazi kwa Binti Yangu?

Swali hili humjia mzazi siku anapomwona mwanawe wa kike akifunga kamba za viatu vya mpira badala ya kubeba ndoo. Huulizwa Galu, huulizwa Kinondo, na huulizwa kuanzia Ukunda hadi Msambweni. Jibu fupi ni ndiyo. Ni kazi, na wapo Wakenya wanaoila. Jibu refu ndilo somo letu la leo, kwa sababu mlango wa kazi hii ni mwembamba, na mbele yake husimama watu wanaotoza pesa za kuingia hali mlango wenyewe si wao.

Somo limeandikwa kwa wazazi na walezi, walimu wa michezo, viongozi wa timu za vijijini na wasichana wenyewe. Anayetaka kulisoma kwa sauti barazani, au kwenye kikao cha chama cha akina mama, na afanye hivyo.

Waliotangulia

Tuanze na Esse Mbeyu Akida. Majina Mbeyu na Akida hayahitaji mkalimani hapa Pwani. Mwaka 2016 timu ya taifa ya wanawake, Harambee Starlets, ilifuzu kwa mara ya kwanza kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake. Iliitoa Algeria kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Novemba mwaka huo, mjini Limbe, Cameroon, Kenya ilicheza na Ghana na Akida akafunga bao la kwanza la Kenya katika historia ya mashindano hayo. Ghana ilirudi na kushinda 3-1, na Kenya ikapoteza mechi zote tatu za kundi. Lakini jina la mfungaji lilibaki. Mwaka 2018 Akida alikuwa Israeli, katika klabu ya Ramat HaSharon. Baadaye alivaa jezi ya Beşiktaş ya Uturuki, kisha ya PAOK ya Ugiriki. Nchi tatu, lugha tatu, mikataba mitatu.

Kabla yake alikuwapo Doreen Nabwire, aliyelelewa kisoka mitaa ya Mathare, Nairobi, na kutua Werder Bremen ya Ujerumani wakati ambapo hakukuwa na mwanamke Mkenya aliyeonyesha njia hiyo. Baada yake amekuja Jentrix Shikangwa. Novemba 2019, Dar es Salaam, Kenya iliifunga Tanzania 2-0 katika fainali ya CECAFA, na mabao yote mawili yalikuwa ya Shikangwa. Baadaye alicheza Uturuki, kisha akajiunga na Simba Queens ya Tanzania. Inafaa mzazi alijue hilo la mwisho: si lazima kazi iwe Ulaya. Kuna wasichana wa Kenya wanaolipwa kwa kucheza mpira ng'ambo ya pili ya Lunga Lunga.

Majirani zetu nao wamefika mbali. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess, akaenda BK Häcken ya Uswidi mwaka 2022, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga yuko Al Nassr ya Saudi Arabia tangu 2023. Nchi hiyo familia nyingi za Kwale huijua kwa kazi za nyumbani. Huyu alikwenda na viatu vya mpira, kwa mkataba wa klabu.

Wadogo hawakubaki nyuma. Mwaka 2024 timu ya wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, chini ya kocha Mildred Cheche, iliifunga Burundi nyumbani na ugenini na kufuzu Kombe la Dunia lililochezwa Jamhuri ya Dominika. Hakuna timu nyingine ya soka ya Kenya, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imewahi kufika Kombe la Dunia la FIFA. Walishindwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2-1. Waliofanya hivyo walikuwa watoto wa shule. Na Oktoba 2025 dada zao wakubwa waliitoa Gambia na kufuzu tena Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya kungoja karibu miaka kumi.

Pesa ni kiasi gani?

Tuseme ukweli kabla mtu hajaacha shule. Ripoti ya FIFA kuhusu soka ya wanawake ilikadiria wastani wa mshahara wa mchezaji wa kike duniani kuwa karibu dola 10,900 kwa mwaka. Ukihesabu dola moja kwa Sh129, hiyo ni kama Sh1.4 milioni kwa mwaka, au Sh117,000 kwa mwezi. Si pesa ndogo Galu. Lakini wastani huo unachanganya klabu tajiri za Ulaya na Marekani na klabu nyingine nyingi, na wengi wako chini yake. Hapa nchini mchezaji wa ligi kuu anaweza kumaliza msimu akiwa amepata marupurupu ya safari tu, au asipate kitu.

Ndiyo sababu klabu za taasisi zimekuwa na mvuto. Ulinzi Starlets ni timu ya Jeshi la Ulinzi, na wachezaji wake ni wanajeshi wenye ajira. Mwaka 2023 klabu ya Kenya Police iliichukua Thika Queens, iliyokuwa bingwa wa ligi, na timu hiyo ikawa Police Bullets. Kwa msichana wa Kwale anayetaka mpira umlishe bila kuvuka bahari, kwa maoni yetu hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi. Ila ajira za taasisi hizi huangalia cheti cha shule ya upili. Mguu mzuri bila cheti huishia getini.

Kwa hiyo hatusemi binti achague kati ya shule na mpira. Kwanza, shule ndiyo inayomwonyesha. Hapa kwetu Kwale Girls imekuwa ikiiwakilisha Pwani katika soka ya shule za upili, na makocha wa klabu huenda kwenye mashindano hayo kutafuta wachezaji. Msichana aliyeacha shule akiwa kidato cha pili ili "afanye mazoezi zaidi" amejiondoa mwenyewe kwenye soko.

Daftari la timu ya kijiji

Tumchukue msichana wa mfano wa miaka 12. Anacheza na timu ya mtaa, hana viatu, ana mguu wa kushoto unaowasumbua wavulana. Kocha wake ni kijana wa bodaboda anayejitolea. Je, kocha huyu na timu yake wana haki yoyote msichana huyo akija kuuzwa kwa mamilioni? Wanayo, na viongozi wa timu za vijijini wengi hawaijui.

Kanuni za FIFA zinasema hivi: mchezaji wa kulipwa akihama kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake kwisha, na ada ya uhamisho ikalipwa, asilimia 5 ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza miaka 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 5 ya fungu hilo. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 10. Huo huitwa mchango wa mshikamano, na unahusu soka ya wanawake sawa na ya wanaume.

Fanyeni hesabu pamoja nasi. Februari 2024 mshambuliaji wa Zambia, Racheal Kundananji, alihama kutoka Madrid CFF ya Uhispania kwenda Bay FC ya Marekani kwa karibu euro 735,000. Wakati huo hakuna mchezaji wa kike aliyekuwa amenunuliwa ghali kuliko yeye. Asilimia 5 ya euro 735,000 ni euro 36,750. Kama klabu moja ya kijiji ingekuwa imemsajili mchezaji wa bei hiyo kwa misimu yote minne, kuanzia miaka 12 hadi 15, fungu lake lingekuwa asilimia 20 ya euro 36,750, yaani euro 7,350. Kwa Sh140 kwa euro moja, hiyo ni Sh1,029,000. Hizo ni mipira, jezi, nyavu za magoli na nauli za kwenda kucheza ugenini kwa miaka kadhaa.

Sasa sharti lake. Klabu iwe imesajiliwa na Shirikisho la Soka Kenya, FKF, na mchezaji awe amesajiliwa kwa jina la klabu hiyo katika mfumo wa shirikisho, ambamo kila mchezaji hupewa namba yake ya FIFA. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia ofisi maalumu ya FIFA inayosoma historia ya mchezaji kwenye kompyuta, msimu kwa msimu. Kama miaka yake ya Galu haimo humo, ni kana kwamba alizaliwa akiwa na miaka 18 uwanja wa ndege. Picha za WhatsApp si ushahidi. Kiongozi wa timu, nenda tawi la FKF la kaunti uulize utaratibu wa kusajili klabu na wachezaji wako, na ufanye hivyo kabla ya msimu, si baada ya binti kuwa maarufu.

Upande wa mzazi ni cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hakuna usajili wa uhakika, hakuna pasipoti, na umri wa binti unakuwa jambo la kukisia. Kuna watu hupunguza umri ili mchezaji aingie timu ya vijana. Huo ni udanganyifu. Umri wa uongo humfuata mchezaji, na siku karatasi mbili zitakapogongana ni yeye atakayefungiwa, aliyemwandikia atakuwa amekwisha ondoka.

Mgeni wa hotelini

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Galu inapotofautiana na vijiji vya bara.

Ufuo wetu ni wa wageni. Mgeni anatembea asubuhi, anawaona wasichana wakicheza, anasimama, anapiga picha. Jioni anazungumza na kocha. Siku ya tatu anakuja nyumbani na zawadi, anasema ana rafiki mwenye klabu Ulaya na kwamba binti ana kipaji, apelekwe mwezi ujao. Au si mgeni kutoka nje: ni mtu wetu mwenye gari zuri, anayejiita wakala na kutaka Sh40,000 za "kushughulikia viza". Wengine wana nia njema kabisa. Sheria haiangalii nia.

Kanuni ya FIFA iko wazi. Mchezaji hawezi kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Iko hivyo kwa ajili ya kuwalinda watoto, na ilitungwa kwa sababu watoto wa Afrika walikuwa wakipelekwa Ulaya kwa ahadi za mpira na kutelekezwa mitaani. Zipo hali chache za kuruhusiwa, kwa mfano familia nzima inapohamia nchi nyingine kwa sababu isiyohusu mpira. Ipo pia ruhusa ya mpakani: mtoto anayeishi kwao, si zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka, anaweza kuchezea klabu iliyo ndani ya kilomita 50 upande wa pili, mashirikisho yote mawili yakikubali, naye aendelee kulala nyumbani kwao. Hilo linawahusu zaidi ndugu zetu wa Lunga Lunga na Vanga. Msichana wa Galu wa miaka 15 anayeambiwa klabu ya Ulaya inamngoja anaambiwa jambo ambalo klabu hiyo haiwezi kulifanya kihalali.

Na wakala je? Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na majina ya wenye leseni yako wazi kwenye tovuti ya FIFA. Mwombe jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, kisha mwambie kijana yeyote wa mtaani mwenye simu amtafute humo. Ni kazi ya dakika tano. Asipokuwamo, mazungumzo yamekwisha. Hata akiwamo, haruhusiwi kumfuata mchezaji mdogo mapema zaidi ya miezi sita kabla ya umri ambao sheria za nchi zinamruhusu kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na lazima kwanza apate ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Mkataba wa uwakala hauruhusiwi kuzidi miaka miwili. Anayekuletea karatasi ya miaka kumi anakununua.

Kuhusu zile Sh40,000: klabu inayomtaka mchezaji kwa dhati humtumia barua yenye jina, anwani na mtu wa kuwasiliana naye, na gharama za kumsafirisha kwa kawaida ni zake. Mzazi akiombwa auze mbuzi ili mwanawe "asajiliwe", ajiulize ni klabu gani ya Ulaya inayongoja mbuzi wa Kinondo.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu kumsafirisha mtoto kwa ahadi ya uongo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka 2010. Mzazi aliyetia saini akidhani anamsaidia mwanawe anaweza kujikuta anaeleza mahakamani. Ukitiliwa shaka na safari, usione haya. Nenda kwa chifu, au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kabla pasipoti haijatoka mikononi mwako.

Ukifika mkataba

Binti ametimiza miaka 18. Amemaliza shule, anacheza vizuri, na klabu yenye jina inamtaka. Sasa karatasi iko mezani. Iwe ya Nairobi au ya Istanbul, yafaa isomwe na mtu asiye na haraka.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iandikwe. FIFA nayo inataka mchezaji wa kulipwa awe na mkataba wa maandishi, usiozidi miaka mitano. Ahadi ya mdomo ya mwenyekiti wa klabu si mkataba, hata akiapa. Ndani ya karatasi kuwe na mshahara na tarehe ya kulipwa, nyumba ni ya nani, matibabu ni ya nani, tikiti ya kurudi nyumbani ni ya nani. Hilo la tikiti husahauliwa sana, na ndilo linalomwacha mtu ugenini.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia: "mkataba huu utaanza mchezaji akifaulu vipimo vya daktari." FIFA imekataza jambo hilo. Vipimo hufanywa kabla ya saini, wala mkataba hauwezi kutegemea vipimo au kibali cha kazi. Na klabu isipomlipa mchezaji mishahara miwili, anaweza kuiandikia kuitaka ilipe, akaipa angalau siku 15, na ikiendelea kunyamaza ana haki ya kuvunja mkataba na kudai chake. Neno muhimu hapo ni "kuiandikia". Analalamika kwa simu, hana ushahidi. Anaandika barua pepe, anao.

Tuje kwenye jambo ambalo wazee wengi hulitaja kwanza: ndoa na uzazi. Husemwa kwamba mpira na kuwa mama haviendi pamoja. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi ya wiki 14 zisizopungua, nane kati yake baada ya kujifungua, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara. Sheria ya nchi ikimpa zaidi, hiyo ndiyo inayofuatwa. Sheria yetu ya Kenya inatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Klabu hairuhusiwi kuufanya mkataba utegemee kwamba mchezaji hatashika mimba, na ikimfukuza kwa sababu ya mimba italipa fidia pamoja na mishahara sita ya ziada. Juni 2024 ziliongezwa haki za mchezaji anayeasili mtoto, na ruhusa ya kukosa kazi kwa malipo pale hedhi inapomletea matatizo ya kiafya.

Si maneno ya kwenye karatasi tu. Sara Björk Gunnarsdóttir, aliyekuwa nahodha wa Iceland, alishika mimba mwaka 2021 akiichezea Lyon ya Ufaransa, na klabu ikapunguza malipo yake. Alishtaki. Mwaka 2022 mahakama ya FIFA iliamuru alipwe zaidi ya euro 82,000. Lyon ni miongoni mwa klabu kubwa kabisa za wanawake duniani, na ilishindwa na mama mmoja mwenye mkataba na barua zake.

Na mavazi? Familia nyingi za Kwale ni za Kiislamu, na hili ni swali la haki. Hijabu iliruhusiwa rasmi katika soka mwaka 2014, mradi iwe nyeusi au ya rangi inayolingana na jezi, isishonewe kwenye jezi, wala isiwe na pini au kitu cha kuumiza. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia la Wanawake nchini Australia, beki wa Morocco Nouhaila Benzina alicheza akiwa na hijabu. Timu yake iliifunga Korea Kusini 1-0. Mwamuzi wa mashindano ya kijiji anayemwambia msichana avue kilemba ndipo acheze hana kanuni ya kumsimamia.

Goti

Kazi nyingi za soka ya wanawake hukatizwa na goti. Kano ya msalaba iliyo ndani ya goti hukatika kwa wasichana mara mbili au zaidi kuliko kwa wavulana, mara nyingi bila kuguswa na mtu: anatua vibaya, au anageuka ghafla. Upasuaji ni ghali, na kurudi uwanjani huchukua miezi tisa hadi mwaka.

Kuna kinga isiyohitaji pesa. FIFA iliandaa mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa 11+, ya dakika 20 kabla ya kucheza: kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa na hayaingiani ndani. Nchini Norway yalijaribiwa kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, na majeruhi yalipungua kwa karibu theluthi moja. Video zake ziko kwenye intaneti bure. Mchanga wa ufuoni ni mzuri kwa kujenga nguvu za miguu, lakini mtu aliyezoea mchanga peke yake hushangazwa na ardhi ngumu, kwa hiyo mwalimu achanganye, na siku za mechi ya uwanjani viatu viwe vya uwanjani.

Yasiyo mikononi mwa mchezaji

Mwanzoni mwa 2022 Harambee Starlets walikuwa wamebakiza kuitoa Uganda tu ili warudi Kombe la Mataifa ya Afrika. Hawakucheza. Soka ya Kenya ilikuwa katika mzozo wa uongozi, Uganda ikapita bila jasho, na Februari FIFA ikaifungia nchi hadi Novemba. Kuna wachezaji waliokuwa katika umri wao bora mwaka huo, na mashindano ya bara ndiyo soko ambako klabu za nje huwaona. Mwaka wa mchezaji haurudi. Ndiyo maana wanaotaka wasichana wa Kwale wafike mbali wanapaswa pia kwenda kwenye mikutano ya matawi, kupiga kura na kuuliza hesabu.

Huko Kilifi, tangu 2001, shirika la Moving the Goalposts limewafundisha wasichana kucheza na pia kuendesha mpira wenyewe: kupanga ratiba, kuchezesha mechi, kufundisha wadogo zao. Jambo hilo lina faida baada ya miguu kuchoka. Mkenya Mary Njoroge alisimama kama mwamuzi msaidizi katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2019 na la 2023. Alifika huko kwa kibendera. Msichana wa Galu ambaye hatakuwa Akida anaweza kuwa mwamuzi, kocha, mtaalamu wa tiba ya viungo au katibu wa klabu, na kozi za mwanzo za uamuzi na ukocha hutangazwa na FKF.

Pa kuanzia

Cheti cha kuzaliwa huombwa kupitia eCitizen, na asiyejua mtandao atasaidiwa Huduma Centre mjini Kwale. Mtoto aliyezaliwa nyumbani aanzie kwa naibu wa chifu, ambaye ndiye mwenye fomu ya taarifa ya kuzaliwa. Nakala za vyeti, kadi ya usajili wa FKF na kila mkataba ziwekwe nyumbani, mbali na mkoba wa kocha au wa wakala. Anayemwona mtoto akiahidiwa safari ya nje kwa njia ya kutia shaka apige 116, namba ya kusaidia watoto. Haitozwi pesa na inapokewa usiku na mchana.